Windows XP "Service Pack 4" dukani kwangu: nani mkweli, fundi au mdogo wangu?

"Kaka, habari za kazi. Nina duka la steshenari karibu na chuo hapa Morogoro. Nachapa, natoa kopi, na nawasaidia wanafunzi kujaza maombi ya mkopo na ya ajira mtandaoni. Kompyuta zangu ni mbili za mezani, za mtumba, zote Core 2 Duo zenye RAM 2 GB. Zilikuwa na Windows 7, zikawa nzito mpaka wateja wananuna, na printa yangu HP LaserJet 1010 ilikuwa inagoma kila siku. Mwezi uliopita fundi alikuja na flashi akanipigia Windows XP inayoitwa 'Service Pack 4, toleo la 2024'. Haikuomba ufunguo, Office imo, antivirusi imo, ina rangi nyeusi nzuri, na kompyuta sasa zinaruka. Printa imepona. Ila tovuti nyingi zinaandika kwamba muunganisho si salama, na mdogo wangu anayesoma IT anasema Windows za kuchakachuliwa zote zina virusi, nizifute leo leo. Fundi anasema Service Pack 4 ndiyo ya mwisho ya Microsoft, na nikiweka antivirusi nzuri sina la kuogopa. Nani mkweli? Kompyuta mpya siiwezi kwa sasa."

Dada yangu, salama. Umeuliza kama kuna virusi, lakini nikisoma vizuri naona wasiwasi wako uko mbali zaidi ya hapo. Wanafunzi wanakaa kwenye kiti chako, wanaandika nywila zao kwenye kibodi yako, na wewe hujui ni nani mwingine anazisoma. Huo wasiwasi ni wa haki kabisa. Kwa kifupi: fundi wako amekosea kuhusu Microsoft, mdogo wako amezidisha kidogo kuhusu virusi, lakini kwa kompyuta inayoingia mtandaoni ushauri wa mdogo wako ndio wa kufuata. Si lazima iwe leo leo, ila iwe wiki hii. Na kompyuta mpya hutainunua.

Tuanze na hiyo Service Pack 4. Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Microsoft iliitolea vifurushi vitatu vya marekebisho, ndivyo viitwavyo Service Pack, cha tatu kikatoka mwaka 2008, na tarehe 8 Aprili 2014 ikaacha kuihudumia. Kifurushi cha nne cha XP Microsoft haikuwahi kukitoa. Iliyotoka ni Service Pack 4 ya Windows 2000, mfumo uliotangulia XP, mwaka 2003, na huenda fundi wako alilisikia jina huko akalibeba.

Basi hii ya kwenye flashi imetoka wapi? XP ilikuwa na ndugu yake aitwaye POSReady 2009, mfumo wa mashine za kaunta za kulipia katika maduka makubwa. Huyo ndugu Microsoft iliendelea kumtolea viraka vya usalama hadi Aprili 2019. Wapenzi wa XP wakagundua kwamba ukiandika mstari mmoja kwenye sajili ya Windows, yaani lile daftari la ndani linalotunza mipangilio yote, XP ya kawaida inajitambulisha kama mashine ya kaunta na kupokea viraka vilevile. Microsoft ilionya kwamba viraka hivyo havikujaribiwa kwenye XP ya kawaida. Watu wakavitumia hivyohivyo, kisha wakatokea waliovikusanya vyote na kuvifunga pamoja, wakakiita kifurushi chao Service Pack 4. Sitawaita wezi. Baadhi yao walifanya kazi kubwa kwa mikono yao, bure, kwa sababu walikuwa na mashine ambazo bado zilifaa na hakuna aliyewajali tena.

Lakini jina lenyewe halithibitishi chochote. Kwenye sajili kuna nambari moja iitwayo CSDVersion. Ikisomeka 300, Windows inakwambia ni Service Pack 3. Mtu akiandika 400 badala yake, Windows ileile, bila kuongezwa kiraka hata kimoja, itasema ni Service Pack 4. Nimeshalifanya hili mezani kwangu: ni dakika moja na kuwasha upya. Hata hilo "toleo la 2024" ni maandishi ya mtu tu, kwa maana mwaka 2024 Microsoft haikuwa ikitoa kiraka chochote cha XP. Kwa hiyo flashi ya fundi wako inaweza kuwa na kazi safi ya mpenzi wa XP, na inaweza kuwa na XP ya mwaka 2008 iliyopakwa rangi. Ukiitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Ngoja nikueleze zinavyotengenezwa, maana ukishajua hapo mengine utayaona mwenyewe. Unanakili diski ya Windows kwenye folda. Unafungua programu kama nLite, ambayo inakuorodheshea vipande vyote vya Windows, kila kimoja na kisanduku chake. Unaondoa usichokitaka: masasisho ya moja kwa moja, ukuta wa kinga, kurasa za msaada, draiva (programu za kuendesha vifaa) za vifaa usivyovijua. Unaongeza unachokitaka: Office, mandhari, programu za kucheza muziki. Kisha unaandika majibu ya maswali yote ya usakinishaji kwenye faili moja dogo liitwalo winnt.sif, ukiwemo ufunguo, ndiyo maana kwako haikuomba kitu. Ufunguo wenyewe kwa kawaida ni wa aina iliyouzwa kwa makampuni makubwa, ambayo XP yake haikuhitaji kuthibitishwa na Microsoft kompyuta moja moja. Mmoja wa funguo hizo ulivuja mwaka 2001, ukazunguka dunia nzima mpaka Microsoft ikaufungia kwenye kifurushi cha kwanza mwaka uliofuata. Mwisho unafunga kila kitu kuwa ISO, yaani faili moja lililobeba diski nzima, unaweka kwenye flashi, unampa rafiki.

Sasa tazama hiyo rangi nyeusi uliyoipenda. XP ya asili haikubali mandhari yoyote isiyotiwa saini na Microsoft. Zipo nyeusi zilizotiwa saini, kama ile ya Zune, lakini nyingi hazina. Ili zikubalike, mtengenezaji hubadilisha faili liitwalo uxtheme.dll. Shida ni kwamba XP ina mlinzi wa mafaili yake: akiona faili la mfumo limebadilishwa, analirudisha la asili kimyakimya. Kwa hiyo mtengenezaji humnyamazisha mlinzi kwanza. Mara nyingi hubadilisha pia tcpip.sys, faili linalosimamia mawasiliano ya mtandao, ili watu wapakue filamu kwa kasi zaidi. Hakuna ubaya aliokusudia hapo. Lakini umebaki na mfumo ambao yule mlinzi wa kulirudisha faili linapobadilishwa hayupo, na faili la mtandao limeshafunguliwa na kufungwa na mkono usioujua. Anayekuja baada yake akitaka kuongeza lake, kazi ngumu ameshafanyiwa.

Na wanaokuja baada yake ni wengi. Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mdogo wako. Si kweli kwamba kila Windows iliyochakachuliwa ina virusi. Kilicho kweli ni kwamba hakuna njia ya wewe, mimi au fundi kuthibitisha kwamba hii haina. ISO ya asili ya Microsoft ina alama yake, mfululizo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Herufi moja ikibadilika ndani, alama yote inabadilika. Alama za diski za asili zinajulikana, unalinganisha, unajua. ISO iliyochakachuliwa ina alama yake pia, lakini inathibitisha tu kwamba ni ileile aliyoifunga mchakachuaji wa mwisho, na huyo humjui. Aliyeitengeneza aliipandisha mtandaoni, mwingine akaipakua, akaongeza chake, akaipandisha tena kwa jina lilelile, kisha flashi ikapita kwenye kompyuta za watu kabla ya kufika kwako. Fundi wako anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado akakuletea kitu kibaya.

Nasema hivyo kwa sababu fundi huyo aliwahi kuwa mimi. Miaka ya nyuma nilikuwa natembea na XP nyeusi kama hiyo mfukoni, naipiga kwenye kila kompyuta niliyoitiwa, ikiwemo maabara ya shule moja. Ilikuwa nyepesi, watu wananishukuru. Siku moja mwalimu akaniita kwamba antivirusi haijisasishi kwenye mashine yoyote, ingawa mtandao upo. Nikatafuta mchana kutwa. Mwisho nikafungua kwa Notepad faili moja liitwalo hosts, lililoko C:\WINDOWS\system32\drivers\etc. Hilo ni kama daftari la anwani ambalo kompyuta hulitazama kabla ya kuuliza mtandaoni. Kwenye XP safi lina maelezo machache yanayoanza na alama ya reli (#), na mstari mmoja tu wa maana: 127.0.0.1 localhost. Lile nililolikuta lilikuwa na mistari mingi, kila mmoja ukitaja tovuti ya kampuni ya antivirusi na mbele yake 127.0.0.1, yaani "anwani hii ni mimi mwenyewe". Kila antivirusi ilipotaka kwenda kuchukua masasisho, kompyuta iliiambia umeshafika. Nikafungua flashi yangu, nikakuta mistari ileile ndani ya ISO. Niliipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye mashine za watoto. Nilizipiga upya zote bila malipo, na ile flashi nikaivunja.

Unaweza kulitazama faili hilo kwako sasa hivi. Ukikuta mistari ya ajabu, umeshapata jibu. Usipoikuta, usifurahi haraka, kwa kuwa hiyo ni njia moja tu na ni ya kizamani.

Hapa tunafika kwenye swali lako la antivirusi. Antivirusi kwa kawaida haioni diski moja kwa moja. Inauliza Windows: nipe orodha ya mafaili, nipe orodha ya programu zinazofanya kazi. Kama kilichopandikizwa kipo ndani ya Windows yenyewe na kinawaka kabla ya antivirusi, kinaweza kulifuta jina lake kwenye orodha hiyo kabla haijafika. Unamuuliza mlinzi wa getini kama kuna mwizi ndani, kumbe mlinzi ndiye aliyemfungulia. Zaidi ya hapo, kampuni kubwa za antivirusi zilishaacha kuihudumia XP, na hiyo iliyokuja ndani ya flashi imetoka kwa mkono uleule unaoutilia shaka. Kwa hiyo hapana, dada, antivirusi haitoshi. Inasaidia mfumo safi ubaki safi. Mfumo uliozaliwa na doa haiwezi kuusafisha kwa uhakika.

Kuhusu wepesi, usiuchukulie kama dalili ya afya. XP iliandikwa kwa kompyuta za 2001. Microsoft yenyewe ilisema RAM ya MB 64 inatosha kuiwasha na 128 ni nzuri. Wewe una 2 GB, mara kumi na sita ya hiyo. XP ya asili nayo ingeruka kwenye mashine yako, bila kuchakachuliwa na mtu.

Tovuti zinazolalamika zina sababu ya kawaida, na kwa asilimia kubwa si virusi. Kivinjari na tovuti huzungumza kwa lugha ya siri ambayo hubadilishwa kadiri mbinu za zamani zinavyovunjwa. XP iliachwa nyuma: matoleo mapya ya lugha hiyo haiyajui, na vyeti vya kuthibitisha tovuti vilivyomo ndani yake vingi vimekwisha muda. Mfano, cheti kimoja mama kilichotegemewa na tovuti nyingi mno duniani kiliisha tarehe 30 Septemba 2021, na vifaa vingi vya zamani vikaanza kukataa tovuti zilizo salama kabisa. Chrome iliachana na XP mwaka 2016, Firefox mwaka 2018. Vipo vivinjari vilivyotengenezwa na wapenzi wa XP vinavyojaribu kuziba pengo, lakini hapo unarudi kwenye swali lilelile la kumwamini usiyemjua.

Kabla ya yote, tazama saa ya kompyuta pale chini kulia. Mashine za umri huo betri yake ndogo ya ndani, ile ya mviringo CR2032, huwa imekufa. Ukizima umeme tarehe inarudi miaka nyuma, na kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana, ibadilishe kwenye mashine zote mbili. Lakini kama saa iko sawa na onyo bado linatoka, nakuomba uache kubofya "endelea hivyohivyo". Onyo hilo maana yake kompyuta imeshindwa kuthibitisha kwamba inaongea na tovuti yenyewe. Mwanafunzi akiandika nywila yake hapo, hakuna anayeweza kumhakikishia imekwenda wapi.

Huenda unajiambia: mbona mimi sibofyi vitu vya ovyo? Mei 2017 ilienea programu iitwayo WannaCry, iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Ilizagaa katika nchi nyingi ndani ya siku chache, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha wagonjwa. Haikuhitaji mtu abofye kitu. Iliingia kupitia huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Watu wengi husema XP ndiyo iliyoumia zaidi siku ile, na si kweli: XP nyingi zilizima skrini ya bluu tu. Walioumia hasa ni wenye Windows 7 ambazo hazikuwekewa kiraka kilichokuwa kimeshatoka tangu Machi, miezi miwili kabla. Ndiyo maana nasisitiza hili la masasisho. Mchakachuaji anayezima masasisho ili mashine iwe nyepesi anakuweka kwenye kundi lile la waliokuwa na dawa mezani bila kuinywa. Microsoft ilitoa kiraka cha dharura cha XP siku zile, na kingine Mei 2019 kwa tundu jingine kama hilo. Je, Service Pack 4 yako inavyo? Inaweza kusema inavyo.

Sasa tuje kwenye cha kufanya. Njia zipo kadhaa na kila moja ina gharama yake.

Kurudi Windows 7 ya asili ndiko ambako mafundi wengi watakupeleka. Ni bora kuliko ulipo, lakini Microsoft iliiacha tarehe 14 Januari 2020 na Chrome ikaiacha mwanzoni mwa 2023. Unahama nyumba inayovuja kwenda nyumba iliyoanza kuvuja. Kama utalazimika, ujue kwamba LaserJet 1010 haikugoma kwa ubovu. HP haikuitengenezea draiva ya Windows 7. Mafundi huidanganya kwa kuchagua draiva ya LaserJet 3055 PCL5 kwenye mlango wa DOT4_001, na inachapa vizuri. Inaudhi kufikiri kwamba sehemu kubwa ya sababu ya kuhamia XP ilikuwa draiva moja ya printa. Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida Microsoft iliisitisha Oktoba 2025, na kwa RAM 2 GB itakutesa. Windows 11 haikubali kabisa kichakata cha Core 2 Duo, na fundi akikuletea toleo "jepesi" lililolazimishwa kuingia, tumerudi palepale tulipoanzia.

Njia ninayokushauri ni kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye kompyuta ya mtandao. Najua jina linatisha. Kwa kazi zako, hata hivyo, nyingi ni za kivinjari: maombi ya mkopo, ajira, barua pepe. Mambo hayo yako kwenye tovuti, na tovuti haijali kama nyuma ya Firefox kuna Windows au kuna kitu kingine. Linux ziko za aina nyingi. Linux Mint inataka RAM 2 GB kwa uchache na inafurahia 4, kwa hiyo kwako ningeanza na MX Linux yenye mandhari ya Xfce, ambayo ni nyepesi zaidi. Ni bure kihalali, masasisho yanakuja, na alama ya ISO yake imeandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji, unailinganisha. Mpe kazi hii mdogo wako: apakue kwenye laptop yake, si kwenye kompyuta za dukani, alinganishe alama, aiandike kwenye flashi mpya kwa programu ya Rufus. Uzuri ni kwamba inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ijaribu jioni mkishafunga. Chomeka printa. LaserJet 1010 kwa kawaida inatambuliwa bila kutafutiwa diski yoyote.

Sitakuficha ugumu wake. Office ya Microsoft haitakuwapo, utatumia LibreOffice. Inafungua mafaili ya Word, ila kazi yenye majedwali na picha nyingi inaweza kusogea. Barua na ripoti za kawaida hazisogei, kwa sababu ina herufi mbadala zilizopimwa upana uleule: Carlito mahali pa Calibri, Liberation Serif mahali pa Times New Roman. Zoesha wateja waje na PDF, ubishi wa kurasa utaisha. Wiki mbili za kwanza utakuwa unatafuta vitufe. Na ukifungua kurasa nyingi kwa pamoja, 2 GB zitajaa kwenye mfumo wowote. Ukipata hela kidogo, anza na RAM ifike 4 GB, ila mfungue mashine mtazame kwanza kama ni DDR2 au DDR3, maana haziingiliani. SSD ndogo, ile diski ya kasi, ifuate. Kwa vitu hivyo viwili utashangaa.

Kuna faida moja ya dukani kwako hasa. Wanafunzi wanaleta flashi zenye vile virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato. Kwenye Linux haviwaki, unaona mafolda halisi na lile faili geni pembeni, unalifuta. Huwa ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi aliyedhani kazi yake imepotea.

Njia ya pili, kama bado unaogopa kuacha XP, iache kwa muda kama mashine ya kuchapa tu, isiyo na mtandao kabisa. Toa waya, chomoa kidude cha Wi-Fi. Tenga flashi moja ya kubeba PDF kutoka mashine ya Linux, na hiyo tu. Isitumike kuskani vyeti wala vitambulisho vya watu. Hapo madhara yake yanabaki kwenye karatasi.

Kabla hujafuta, hamisha nyaraka zako peke yake: hati, picha, PDF. Programu usihamishe hata moja, hata ile unayoipenda. Wakati wa kusakinisha mruhusu mdogo wako afute diski nzima, migawanyo yote, si C peke yake. Kisha kwa kutumia simu yako badilisha nywila za barua pepe na akaunti zako zote, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Fanya hili leo, usisubiri usakinishaji. Hapo ndipo mdogo wako alikuwa sahihi kuhusu "leo leo".

Kisha kuna wateja. Hili ni gumu kulisema mbele ya watu, nalijua, lakini wale wa kila siku waambie wabadilishe nywila walizoandika kwako tangu mwezi uliopita. Waliandika wakikuamini wewe, si flashi. Nakala za vitambulisho na vyeti zilizobaki kwenye diski zifute mara kazi inapokwisha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye steshenari anayeshika taarifa za watu kila siku ni vizuri aijue.

Kuna mambo ambayo usijaribu peke yako wala kwa maandishi yangu haya. Ukiona hela imetoka kwenye akaunti, au mteja akisema nywila yake imebadilishwa na si yeye aliyeibadilisha, nenda benki au kwa mtandao wa simu siku hiyohiyo, kisha polisi, na kompyuta hiyo usiifute, izime tu na uitunze kama ilivyo. Ukikuta mafaili yamebadilika majina na kuna ujumbe wa kudai malipo, chomoa waya wa mtandao, usilipe, usifomati. Mpelekee diski fundi anayejua kazi hiyo, kwa kuwa kwa baadhi ya programu hizo funguo za bure zipo kupitia mradi wa No More Ransom unaoungwa mkono na polisi wa Ulaya. Na ukitafuta fundi wa kuja dukani, chagua anayekubali ukae pembeni yake, anayeweza kukuonyesha ISO yake ameipakua wapi na kuilinganisha alama mbele yako.

Fundi wako wa kwanza usimgombeze. Mwite siku mtakayojaribu MX Linux, akae aone printa ikitambuliwa. Mwonyeshe na lile faili la hosts kwenye XP yake. Kama flashi ile bado anatembea nayo, kuna maduka mengine Morogoro yanamsubiri.